Kutoka Ua la Shaba hadi Nuru ya Leza: Historia ya Kuzitambua Metali katika Udongo wa Katanga

1. Utangulizi

Ni nadra kwa nchi kuitwa kwa jina la kitu kinachofukuliwa chini ya ardhi yake. Katanga ilipata jina la namna hiyo. Tangu mwaka 1971 hadi 1997 jimbo hilo liliitwa Shaba, neno la Kiswahili ambalo kila mkazi wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi alilielewa bila kufasiriwa. Hata kabla ya hapo, lugha za wenyeji, Kibemba kikiwa mojawapo, zilikuwa na neno lao la kale, mukuba, ambalo hadi leo halijasahauliwa pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia.

Nchi inayojulikana kwa madini yake huwalazimisha wakazi wake kujibu swali moja tena na tena: katika udongo huu mna nini? Wafua shaba wa kale walilijibu kwa kutazama mimea na rangi ya mawe. Wanajiolojia wa kikoloni walilijibu kwa ramani, na wanakemia kwa asidi na tanuri. Siku hizi wataalamu wanaweza kulijibu kwa kupiga udongo kwa mwali wa leza na kuisoma nuru inayotoka humo.

Makala haya yanafuatilia historia ya jibu hilo. Yanakusudia kuonyesha kwamba, ingawa vyombo vimebadilika sana, badiliko kubwa zaidi limetokea katika swali lenyewe. Kwa karne nyingi metali ilitafutwa kwa kuwa ni mali. Tangu nusu ya pili ya karne ya 20 metali hiyohiyo imeanza kutafutwa kwa kuwa ni hatari kwa bustani, kwa maji na kwa watoto. Aliyekuwa akiuliza «wapi kuna shaba?» sasa anauliza «wapi shaba imezidi?» Maswali haya mawili yanafanana kwa sura, lakini chombo kinachotosha kwa la kwanza hakitoshi kwa la pili.

2. Dalili za vilima

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa wafua shaba wa Katanga, dalili ya shaba ilikuwa kilima kisicho na miti. Msitu wa miombo, ambao hufunika sehemu kubwa ya nchi, hukoma ghafla kwenye miteremko ya vilima vyenye shaba, na mahali pake huota majani mafupi na maua machache ambayo hayaonekani kwingineko. Vilima vya namna hiyo ni zaidi ya 100, vimetapakaa katika utao unaotoka Kolwezi upande wa magharibi, kupitia Tenke, Kambove na Likasi, hadi Lubumbashi na mpakani. Sababu yake inajulikana leo. Udongo wa kawaida duniani huwa na miligramu zipatazo 10 hadi 50 za shaba katika kila kilo, lakini udongo wa vilima hivyo huweza kuzidi miligramu 10,000. Mizizi ya miti mingi haistahimili kiasi hicho.

Elimu hiyo ni ya zamani sana. Makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na Jacques Nenquin mwaka 1957 na Jean Hiernaux mwaka 1958, yalitoa mapambo mengi ya shaba. Baadhi ya makaburi hayo yana umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Katika tabaka za baadaye, kuanzia karne ya 14 hivi, vilionekana kwa wingi vile vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba vilivyokuja kutumika kama fedha. Shaba hiyo haikutoka Kisale. Ililetwa kutoka vilima vya kusini, na kila kipande ni ushahidi kwamba mtu fulani alikitambua kilima, akachimba jiwe la kijani liitwalo malakiti, akalichoma kwa makaa ya miti katika tanuri lililojengwa kwa udongo wa kichuguu, na kulipulizia hewa kwa mivukuto.

Sifa za vilima hivyo zilienea mbali. Mwaka 1806 Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara Waafrika waliotumwa kutoka Angola ili kufika pwani ya mashariki, walipita nchi hiyo na kuacha habari za vilima vya mawe ya kijani vinavyochimbwa shaba. Baadaye biashara ya shaba iliimarisha utawala wa Msiri huko Bunkeya, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891.

Ufuaji haukuwa kazi ya kila mtu. Ulifanywa wakati wa kiangazi, chini ya mafundi wenye miiko na siri zao, ambao Mgr de Hemptinne aliwaita kwa Kifaransa «walaji wa shaba» katika makala aliyoyachapisha mwaka 1926. Jina hilo lastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Katika lugha nyingi za Kibantu kitenzi «kula» hakihusu kinywa tu, kwani mtu hula mali, hula hasara, hula urithi. Aliyeila shaba ni yule aliyekuwa na haki juu yake, na haki hiyo ilitokana na kujua mahali ilipo.

3. Kutoka dalili hadi ramani

Mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alifika Katanga pamoja na msafara wa Bia na Francqui, uliodumu tangu 1891 hadi 1893. Alikagua vilima vya Kambove, Likasi na vinginevyo, na utajiri alioukuta ndio uliozaa ile methali ya Kifaransa inayoiita Katanga «kashfa ya kijiolojia». Mwaka 1899 George Grey, aliyetumwa na Robert Williams wa kampuni ya Tanganyika Concessions, alivuka kutoka kusini. Ramani za wageni hawa zilifuata mashimo yaliyokwisha kuchimbwa na wenyeji. Kile kilichoandikwa kuwa ugunduzi kilikuwa, mara nyingi, tafsiri ya elimu iliyokuwapo, kutoka kumbukumbu ya mdomo na ya mguu kwenda karatasi. Tafsiri hiyo ilikuwa na matokeo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na tanuri kubwa la mji huo likatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, kwa mawe ya mgodi wa Étoile. Haki ya kuila shaba ilihama pamoja na ramani.

Elimu ya mimea, hata hivyo, haikufa. Ilirudi kwa njia ya sayansi. Mwaka 1958 mwanabotania Paul Duvigneaud alichapisha uchunguzi mkubwa juu ya uoto wa Katanga na udongo wake wenye metali, na mwaka 1959 akaeleza mimea inayoandamana na kobalti. Ua moja dogo la zambarau, ambalo wanasayansi huliita Haumaniastrum katangense, lilipewa jina la «ua la shaba». Ua hilo hupenda mahali palipovurugwa ambapo udongo una shaba, na kwa hiyo huota hata juu ya masalio ya matanuri ya kale. Mwaka 1982 De Plaen, Malaisse na Brooks walionyesha jinsi maua hayo yanavyoweza kumwongoza mwanaakiolojia hadi kwenye matanuri yaliyosahauliwa. Hivyo ua lililoota juu ya kazi ya wahenga lilisaidia kuirudisha kazi hiyo katika historia.

Lakini ua nalo huweza kumdanganya msomaji wake. Katika miaka ya 1970 na 1980 mimea mingi ya Katanga ilielezwa kuwa hulimbikiza kiasi cha ajabu cha shaba na kobalti ndani ya majani yake. Mwaka 2007 Faucon, Shutcha na Meerts walipoyaosha majani kwa uangalifu kabla ya kuyapima, viwango vya mimea kadhaa vilishuka sana. Sehemu ya metali iliyohesabiwa kuwa ndani ya jani ilikuwa vumbi lililokaa juu yake. Fundisho hili ni la kukumbukwa, kwa kuwa linamhusu pia kila mama wa Lubumbashi anayeosha lengalenga au matembele kabla ya kuyatia chunguni. Maji huondoa vumbi, lakini hayaondoi kile ambacho mzizi umekwisha kukinywa.

4. Nuru yenye maandishi

Wakati Katanga ikichorewa ramani, elimu nyingine ilikuwa ikikua mbali na vilima vyake. Wafua metali wa sehemu nyingi za dunia waliona tangu zamani kwamba mwali wa moto unaoguswa na shaba hugeuka kijani, na unaoguswa na chumvi hugeuka manjano. Mwaka 1859, katika mji wa Heidelberg huko Ujerumani, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen waliigeuza dalili hiyo kuwa kanuni. Waliipitisha nuru ya mwali katika mche wa kioo ili itawanyike kuwa rangi, nao wakaona kwamba kila elementi hutoa mistari yake yenyewe, mahali pale pale, kama chapa isiyoigwa na nyingine. Kwa njia hiyo waligundua elementi mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzijua: sezi mwaka 1860 na rubidi mwaka 1861. Elimu hiyo ndiyo iitwayo spektroskopia. Kwa maneno mepesi, ni kusoma maandishi yaliyomo katika nuru.

Chapa hiyo hutokana na umbile la atomu. Atomu ikipewa nguvu, elektroni zake hupanda ngazi. Zikishuka, huirudisha nguvu hiyo kama nuru yenye urefu maalumu wa wimbi. Ngazi za shaba si ngazi za risasi. Shaba huonyesha mistari mikali kwenye nanometa 324.7 na 327.4, na risasi kwenye 405.8. Anayejua mahali pa mistari hiyo ataisoma metali hata isipoonekana kwa macho.

Ugumu ulikuwa katika kuifikisha metali ya udongo kwenye hali ya kutoa nuru. Kwa muda mrefu udongo ulilazimika kuyeyushwa kwa asidi kali, kisha maji yake kupimwa. Njia iliyoenea zaidi ilikuwa ile ya ufyonzaji wa atomu, iliyoasisiwa na Alan Walsh nchini Australia mwaka 1955. Ni njia sahihi, nayo imetumika katika maabara nyingi za migodi. Lakini yahitaji asidi safi, gesi, umeme usiokatika, na saa nyingi za kazi.

Njia nyingine ilifunguliwa na leza. Albert Einstein alikuwa ameeleza mwaka 1917 kwamba nuru inaweza kuichochea atomu itoe nuru nyingine inayofanana nayo kabisa. Theodore Maiman aliitekeleza kanuni hiyo huko Marekani tarehe 16 Mei 1960, kwa fimbo ya yakuti nyekundu. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1962, Fred Brech na Lee Cross walieleza jinsi pigo la leza lilivyoweza kugeuza kipande kidogo cha kitu kuwa mvuke unaong'aa, na nuru yake ikasomwa. Vyombo vya wakati huo vilikuwa vizito na ghali, na njia hiyo ililala kwa miaka kadhaa. Iliamshwa katika miaka ya 1980, hasa na kazi ya Leon Radziemski na David Cremers katika maabara ya Los Alamos.

Namna inavyofanya kazi yaweza kuelezwa kwa mfano wa radi. Radi ikipiga, hewa hupata joto kali mno na kung'aa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Leza hutengeneza radi ndogo sana. Pigo lake hudumu nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni ya sekunde, nalo hukusanywa na lenzi mahali padogo kuliko milimita moja. Hapo udongo hugeuka kuwa plasma, yaani gesi yenye joto linaloweza kupita digrii 10,000. Mwanzoni plasma hutoa nuru nyeupe isiyosomeka. Ikianza kupoa, kwa muda wa sehemu ndogo ya milioni ya sekunde, mistari ya kila elementi hujitokeza. Chombo husubiri kidogo, kisha hufungua jicho lake na kuandika mistari yote kwa pamoja. Udongo ulioliwa na pigo moja hauonekani kwa macho, na jibu hupatikana papo hapo.

Uwezo wa njia hiyo ulidhihirika mbele ya dunia mwaka 2012, gari la uchunguzi liitwalo Curiosity lilipotua katika sayari ya Mars. Chombo chake cha ChemCam, kilichotengenezwa na Los Alamos kwa kushirikiana na wataalamu wa Toulouse nchini Ufaransa, kilipiga jiwe lake la kwanza tarehe 19 Agosti mwaka huo. Kiliundwa kuyasoma mawe yaliyo umbali wa hadi mita 7 hivi, bila kuyagusa.

5. Swali linapogeuka

Turudi Lubumbashi. Tangu 1911, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, dohani ya tanuri la mji huo ilitoa moshi wenye gesi ya salfa na vumbi la metali. Pepo za kiangazi huko hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi ulielekea kaskazini-magharibi, miaka nenda miaka rudi, na kuacha juu ya ardhi alama yenye umbo la pia. Ndani ya eneo hilo umo mtaa wa Penga Penga. Salfa iliunguza majani na kuufanya udongo kuwa mchachu. Shaba, risasi, zinki, kadimi na kobalti zilitua juu yake. Miti ilikufa, mvua ikauchukua udongo wa juu, na mahali palipokuwa na msitu pakabaki uwanja mtupu.

Hapa dalili ya kale ilipata maana mpya. Mtu anayetazama ardhi tupu ya Penga Penga anaona kile alichokiona mfua shaba juu ya kilima: mahali pasipo miti, penye nyasi chache zinazostahimili metali. Lakini hapa hapana mali ya kuchimba. Kilima kile kilijaliwa shaba yake na maumbile, nao uwanja huu ulipakwa shaba na moshi. Na tofauti na kilima, uwanja huu una wakazi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, taasisi iliyoanza mwaka 1956 kwa jina jingine, walilikabili swali hilo jipya. Mwaka 2010 Mylor Shutcha na wenzake walichapisha majaribio ya kutumia nyasi zinazostahimili shaba, Microchloa altera ikiwa mojawapo, ili kuufunika udongo wa Penga Penga na kuzizuia metali zisisafiri. Kwa upande wa afya, mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu pamoja na wenzake wa Kongo na Ubelgiji walionyesha kwamba watu waishio karibu na migodi na matanuri ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Mwaka 2013 ilifika zamu ya soko: watafiti walipima metali katika mboga za majani zinazouzwa katika masoko ya Lubumbashi.

Kisa cha Kasulo, mtaa wa Kolwezi, kinaonyesha jinsi maswali mawili, la mali na la hatari, yanavyoweza kukutana chini ya sakafu moja. Mwaka 2014 mawe yenye kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za mtaa huo, na wachimbaji wa mikono wakafukua mashimo uani na hata ndani ya vyumba. Vumbi likaenea mahali watoto wanapocheza na kulala. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wakazi wa hapo, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wakazi wa mtaa jirani usio na machimbo. Udongo uleule ulimpa baba riziki na kumtia mtoto hatarini.

6. Leza mbele ya udongo mwekundu

Je, leza inaweza kusaidia mahali kama hapo? Kwa baadhi ya mambo, inaweza sana. Haihitaji asidi. Inapima metali nyingi kwa mara moja. Kuna vyombo vyake vinavyobebwa mkononi, na kwa siku moja mtaalamu anaweza kupima sehemu nyingi kuliko zile ambazo maabara ya asidi ingepima kwa majuma. Faida hiyo ni kubwa katika mtaa ambao uchafuzi wake hubadilika kutoka ua hadi ua, kwa kuwa sampuli tatu au nne hazitoshi kuchora ramani ya kuaminika.

Hata hivyo, kuna vikwazo vitatu ambavyo msomaji wa Katanga anapaswa kuvijua.

Cha kwanza ni udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa nchi hiyo umejaa chuma, na chuma ni elementi yenye mistari mingi mno katika nuru. Mistari hiyo huweza kufunika ile ya metali nyingine, mfano wa kelele za sokoni zinazomeza sauti ya mtu mmoja. Unyevu nao hupunguza nuru ya plasma, hivyo udongo wa masika na ule wa kiangazi hautoi jibu moja. Ndiyo sababu wataalamu huukausha udongo, huuchekecha, huushindilia kuwa kidonge, kisha hulinganisha nuru yake na ile ya sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana. Sampuli hizo za kulinganishia lazima zifanane na udongo unaopimwa. Kipimo kilichorekebishwa kwa udongo wa Ulaya hakiwezi kuaminiwa moja kwa moja mbele ya udongo wa Lubumbashi.

Cha pili ni uchache wa baadhi ya sumu. Njia hii huona vizuri shaba iliyo katika mamia ya miligramu kwa kilo. Kadimi huanza kutia wasiwasi ikiwa ya miligramu chache tu, na kwa kiasi hicho chombo cha mkononi huweza kunyamaza. Ukimya wake haumaanishi kwamba udongo ni salama.

Cha tatu ndicho kikubwa kuliko vyote. Leza hupima jumla ya metali iliyomo, lakini mmea hainywi jumla. Hunywa sehemu inayoyeyuka, na sehemu hiyo hutegemea uchachu wa udongo, mboji na udongo wa mfinyanzi uliomo. Bustani mbili zinaweza kuwa na shaba sawa kabisa kwa mujibu wa leza, moja ikaotesha mboga bila shida na nyingine ikaziunguza. Ndiyo maana kutia chokaa na mboji hupunguza madhara hata pale ambapo hakuna chembe moja ya metali iliyoondolewa. Baada ya tiba hiyo, leza itatoa jibu lilelile la kabla yake.

Hapa ndipo tofauti kati ya maswali mawili inapodhihirika. Anayetafuta mali anatosheka kujua kiasi. Anayehofia sumu lazima ajue pia kiasi gani kinayeyuka, kiasi gani kilikuwapo kabla ya kiwanda, na nani anakila. Katika nchi ambayo maumbile yenyewe yalijaza shaba katika vilima, hata neno «kuzidi» lahitaji kipimo chake: kuzidi nini?

7. Jina la kitu na jina la hatari

Suala hili linaihusu lugha moja kwa moja. Istilahi «metali nzito» imetafsiriwa neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya, na huko kwenyewe imeleta ubishi. Mwaka 2002 mwanakemia John Duffus alionyesha kwamba haina fasili moja inayokubalika, kwa kuwa baadhi ya wataalamu huangalia uzito, wengine sumu, na wengine mambo mengine. Watafiti wanaoandika kwa Kifaransa mjini Lubumbashi hupendelea kusema éléments traces métalliques, yaani metali zipatikanazo kwa chembechembe. Mkulima anayeambiwa kwamba bustani yake ina metali nzito huenda akatafuta kitu chenye uzito mkononi. Akiambiwa kuna chembechembe za metali zisizoonekana, atakuwa amekaribia zaidi ukweli.

Neno «shaba» nalo lina upana wake. Katika Kiswahili cha pwani limejumuisha metali zaidi ya moja, hata ikabidi watu waseme shaba nyekundu na shaba nyeupe ili kuzitofautisha. Zaidi ya hayo, masikioni mwa Mkatanga shaba ni mali, ni mshahara, na kwa miaka 26 ilikuwa jina la jimbo lake. Kumwambia kwamba shaba imemharibia udongo ni kugeuza maana iliyojengwa kwa vizazi. Kusema kwamba udongo «umechafuka» hakusaidii sana, kwa sababu uchafu hufagiwa au huoshwa. Kusema kwamba ni «sumu» huleta hofu ya kifo cha ghafla, ilhali madhara ya metali huja polepole. Labda maelezo yanayofaa ni yale marefu: udongo huu umebeba shaba kuliko mboga inavyoweza kuvumilia. Kiswahili kinaweza kuyasema hayo bila shida, iwapo mtafiti atapata nafasi ya kukaa na mwenye bustani na kuzungumza naye.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haikwendi kutoka ujinga hadi elimu. Mfua shaba aliyesoma kilima kisicho na miti alikuwa na elimu kamili kwa swali lake. Mwanajiolojia aliihamishia kwenye ramani, na haki ikaihama nchi pamoja nayo. Spektroskopia iliigeuza rangi ya mwali kuwa hesabu, na leza ikaifupisha kazi ya siku kuwa kazi ya sekunde. Wakati huohuo udongo wenyewe ulibadilika kwa moshi na vumbi, na waulizaji wakaongezeka: si mchimbaji tu, bali pia mlima mboga, mama na mganga.

Kwa hiyo chombo kipya kisipokelewe kana kwamba kinakuja kumaliza mjadala. Kitoe ramani ya haraka ya mahali pa kushughulikiwa kwanza. Maabara ithibitishe sehemu inayoyeyuka. Sampuli za kulinganishia zitengenezwe kwa udongo wa Katanga wenyewe. Na matokeo yasiishie katika majarida ya Kifaransa na Kiingereza. Wafua shaba walificha elimu yao kwa miiko, kwa kuwa ilikuwa elimu ya mali. Elimu ya hatari haina sababu ya kufichwa. Mwenye ua uliopimwa huko Penga Penga au Kasulo anastahili kuambiwa, kwa Kiswahili anachokisema nyumbani, ni nini kilichoonekana katika udongo wake, kinaweza kufika chunguni kwa kiasi gani, na afanye nini kabla ya kupanda mbegu za msimu ujao.